Nyumba Yenye Joto Isiwe Nyumba Isiyo na Hewa



Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya baridi, na juu ya ile kazi ambayo kila mtu wa Free Area anaifanya bila kufikiria sana ikifika mwezi wa Juni: kuziba nyumba. Tunaziba kwa matambara, kwa gazeti, kwa kartoni, kwa gunia chini ya mlango. Sio vibaya. Lakini kuna kuziba kunakolinda watu na kuna kuziba kunakoua, na sisi wenyewe tulichelewa kujua tofauti yake. Ndiyo maana tunaandika.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, tulimtembelea mama mmoja katika ploti ya mabati. Chumba ni kimoja, yeye na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa na wiki tatu tu. Upepo ulikuwa unaingia kila upande. Kama kawaida yetu tukamwambia, "Mama, huyu mtoto asipigwe na baridi. Hakikisha hapa ndani pana joto." Tukaandika kwa kitabu chetu, tukaenda zetu. Hatukumwonyesha namna ya kufanya.

Yule mama alitii. Alichukua gazeti na uji wa unga wa ngano, akabandika kwa yale matundu mawili ya hewa juu ya dirisha. Akasokota nguo kuukuu katika mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Akakunja gunia chini ya mlango. Halafu akaingiza jiko la makaa lililokuwa limeshika vizuri, halina moshi hata kidogo, akaliweka karibu na kitanda. Saa kumi alfajiri aliamka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Alijikokota mpaka mlangoni, akafungua, akaanguka hapo hapo kwa kizingiti, na jirani akasikia. Walipelekwa hospitali, na wote wanne walipona.

Tuliporudi hakutulaumu. Alisema tu, "Si nyinyi mliniambia niweke joto?"

JOTO LETU LINAPOTELEA WAPI

Mji wa Nakuru uko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Ikweta inapita karibu hapo kaskazini, lakini ikweta haimfuniki mtu blanketi usiku. Mchana jua linachoma mabati mpaka huwezi kuyagusa. Usiku, mbingu zikiwa wazi, yale mabati yanarusha joto lake juu angani upesi sana, na yanaweza kuwa baridi kuliko hata hewa iliyo nje. Hewa ya joto ndani ya nyumba nayo inapanda, inagusa bati, inapoa, inatushukia tena kichwani. Kwa hivyo katika nyumba isiyo na dari, mwizi mkubwa wa joto ni paa, sio dirisha.

Wengi wameona matone yakidondoka kutoka kwa paa alfajiri ingawa haikunyesha, wakamwita fundi kuziba misumari. Fundi huyo atakula pesa ya bure. Yale maji yametoka kwenu. Watu watano wakilala saa nane katika chumba kimoja hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa kupumua na kwa ngozi, tena hatujahesabu mvuke wa sufuria ya jioni wala nguo zilizoanikwa ndani. Mvuke ukigusa bati baridi unageuka matone. Ukigusa ukuta wa mawe ulio baridi unaleta ule ukungu mweusi kwa kona nyuma ya kabati, na ukungu huo unasumbua sana watoto wenye pumu.

Sasa, kinachozuia joto lisitoroke ni nini? Ni hewa iliyotulia. Sweta sio kwamba ina moto ndani yake; sufi inashika hewa katika vijitundu vingi, na hewa ambayo haitembei ni mlinzi mzuri wa joto. Akina mama wetu wanajua jambo hili vizuri kuliko sisi wenye diploma, kwa sababu wamekuwa wakitengeneza kikapu cha kupikia bila moto. Unachemsha githeri au mchele kidogo, unaweka sufuria katikati ya kikapu kilichojazwa sponji, pamba au nguo kuukuu, unafunika vizuri, na chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Hiyo ndiyo elimu yote ya nyumba ya joto: tabaka nene la kitu chenye hewa ndani, na pasiwe na mwanya.

Tofauti ni moja tu. Githeri haipumui.

WALE WANAOZIBA KABISA

Nchi za baridi kali wamejifunza somo hili kwa gharama. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 watu wengi huko walianza kuziba nyumba zao kila mahali, na baadhi ya nyumba hizo zikaanza kuota ukungu na kujaa hewa nzito. Ndipo wataalamu wakaona kwamba kuziba na kuingiza hewa ni kazi moja, huwezi kufanya nusu yake ukaacha nusu. Mwaka 1991 familia nne zilihamia nyumba za mfano mjini Darmstadt, Ujerumani. Kuta na paa zimevikwa nguo nene kabisa, mianya imezibwa, na joto la kununua ni kidogo sana. Lakini ndani kuna mashine inayovuta hewa chafu nje na kuleta safi usiku na mchana, na ile inayotoka inaachia joto lake kwa ile inayoingia kabla hazijaachana. Wale ambao hawana mashine, wakiwa kwa nyumba za kawaida, hufungua madirisha kwa muda hata theluji ikiwa nje. Msomaji aliye na ndugu huko Ujerumani anaweza kumwuliza kwa simu.

Sisi hatuna mashine, na hata tukiipewa, bili ya stima itatushinda. Mashine yetu ni tundu. Kwa hivyo mtu akituambia, "Nimeziba kila mahali, hata sindano haipiti," tunamwuliza, "Na hewa mnapumua ya nani?"

Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa na hekima yake. Nyasi nene zilishika joto, na moshi ulipenya pole pole kupitia paa. Tusizisifu kupita kiasi, maana bibi zetu waliugua macho na vifua kwa ajili ya moshi huo. Lakini tulipotoa nyasi tukaweka bati, tulitoa blanketi na bomba la moshi kwa siku moja, na hatukurudisha hata moja.

MAKAA YASIYO NA MOSHI

Hapa tunaomba msomaji asome pole pole. Watu wengi wanaamini hatari ni moshi, na kwamba makaa yakishageuka mekundu kabisa, jiko ni salama kuingizwa ndani. Sivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Katika damu inashikamana na mahali pale pale ambapo oksijeni ingeshika, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anakaa anapumua kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Akiwa amelala, hata haamki.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kibaya. Mkiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaugua pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shukuni jiko. Watoeni nje, fungueni mlango na madirisha, jiko litolewe, na waende hospitali mara moja hata kama wanasema wamepata nafuu, kwa sababu wanaweza kuhitaji kupewa oksijeni. Kunywesha maziwa hakutoi sumu hii kwa damu. Na ile desturi ya kuweka beseni la maji kando ya jiko haisaidii, tumeulizwa mara nyingi. Maji hayawezi kuimeza hewa hiyo. Jiko la kauri, lile lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, linapunguza makaa yanayotumika, na tunalipenda, lakini nalo linatoa hewa ile ile. Hata gesi inahitaji dirisha wazi wakati wa kupika.

Kwa ufupi, jiko lisilale na watu. Ukitaka joto la usiku kwa mtoto, chemsha maji, uyatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kizuri, uizungushie taulo, uiweke kitandani kupasha matandiko, na uitoe kabla ya kumlaza mtoto. Mtoto mchanga avikwe kofia na akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakati mama yuko macho. Hiyo ni hita ambayo haijawahi kumdhuru mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majiko nyumbani vilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wengi wao hawakufa kwa usiku mmoja kama ambavyo yule mama angekufa. Ni nimonia kwa watoto, ni moyo na mapafu kwa watu wazima, pole pole. Na tuongeze kifua kikuu. Vijidudu vya TB vinaelea katika hewa ya chumba kilichofungwa kwa saa nyingi. Ndani ya chumba kimoja cha watu sita, tundu la hewa linafanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya: linapunguza vijidudu kabla havijaingia kifuani kwa mtu mwingine.

TUANZE NA PAA

Mwenye pesa kidogo asianze na madirisha. Aanze na dari, ambayo wengi tunaiita silingi. Dari yoyote ni bora kuliko hakuna, kwa sababu ile hewa iliyobaki kati ya dari na bati ndiyo blanketi. Wenye uwezo watanunua mbao za silingi au karatasi nzito yenye kung'aa inayowekwa chini ya mabati, na karatasi hiyo inasaidia hata mchana kurudisha joto la jua.

Asiye na uwezo huo, kuna njia ya gunia ambayo tumeiona ikifanya kazi. Tafuta magunia ya katani, yale ya nyuzi, sio ya nailoni. Yafumue, yafue, yashone kuwa shuka moja kubwa. Yavute kwa nguvu chini ya fito za dari na uyapigilie misumari midogo yenye vichwa vipana. Kisha koroga simiti na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, upake kwa brashi. Ikikauka, paka tena, mara mbili au tatu. Usipake nene, itakuwa nzito na itajipinda katikati kama tumbo. Gunia likishalewa simiti halishiki moto kwa urahisi, na hapo ndipo linashinda shuka, kitenge au kartoni. Tunajua kartoni na shuka ni rahisi na zinapendeza, lakini kibatari au waya mbaya ya stima ikizigusa, ploti nzima inaondoka. Wengine humwaga machujo ya mbao juu ya dari. Yanashika joto kweli, lakini yanashika moto na panya pia, na sisi hatuwashauri penye nyaya.

Jambo ambalo mafundi wetu husahau: ile nafasi iliyo juu ya dari lazima ipumue. Usizibe kabisa mwanya wa chini ya mabati pale juu ya dari. Weka wavu wa waya, ule unaoitwa kofitrei, upitishe hewa na uzuie panya na popo. Ukiziba hapo, mvuke utakwama na mbao za paa zitaoza kimya kimya.

Kuta tutazipitia haraka. Nyumba ya mbao, za mabanzi au za kupigwa randa, ipigiliwe fito nyembamba juu ya kila mwanya kati ya ubao na ubao. Nyumba ya mabati isimamishiwe fito kwa ndani na ikandikwe udongo, au angalau bodi, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya bodi na bati. Ukuta wa mawe ya Ndundori ulio wazi upigwe plasta kwa ndani, na anayejenga upya asikubali kuanza ukuta kabla fundi hajatandika ile karatasi nzito ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Ukuta wenye maji hauwezi kuwa na joto.

Kutafuta mianya ni kazi ya dakika kumi. Usiku wenye upepo, washa udi wa kufukuza mbu, utembee nao pole pole kando ya mlango, madirisha na kona. Pale moshi unapokimbia kando, ndipo upepo unaingia. Weka alama ya chaki, na kesho uzibe.

TUNDU LILILOPANGWA

Sasa tumeziba. Je, hewa ipite wapi? Ipite pale sisi tumechagua, sio pale upepo umechagua. Kila chumba kinataka njia mbili, moja ya kuingia na nyingine ya kutokea, zisikae upande mmoja kama inawezekana, na ya kutokea iwe juu karibu na dari kwa sababu hewa iliyotumika inapanda. Kama una dari, usiishie kutoboa dari peke yake. Tundu litoke nje kupitia ukuta. Katika chumba cha ploti chenye ukuta mmoja tu wa nje, tumia matundu ya juu ya dirisha, yale fundi anaita venti, pamoja na upenyo mdogo chini ya mlango.

Tatizo la venti ni kwamba usiku zinamwaga baridi moja kwa moja kitandani, na hiyo ndiyo sababu watu wanabandika gazeti. Dawa yake ni kibao. Pigilia ubao mwembamba kwa ndani, mbele ya tundu, chini ufunge na juu uache wazi, ukae kwa mshazari kama mdomo wa sanduku la barua. Upepo unaingia, unagonga kibao, unaelekezwa juu kwenye dari, unachanganyika na hewa ya joto kabla ya kumshukia mtu. Weka wavu kwa sababu ya mbu na vumbi. Vumbi la huku kwetu tunalijua, hasa Januari mpaka Machi. Wale waliokuwepo katikati ya miaka ya 1990 wanakumbuka ziwa lilipokauka na upepo ukawa unabeba magadi. Siku hizi ziwa limefurika, lakini vumbi la barabarani lingalipo. Na kitanda kisogezwe, kisikae chini ya venti.

Asubuhi jua likishatoka, tuseme saa tatu hivi, fungua mlango na dirisha pamoja kwa nusu saa, utoe matandiko nje. Joto unalopoteza hapo ni la hewa tu, kuta zinabaki na lake.

Mwenye kupika ndani kwa kuni anaweza kujifunza kutoka Kajiado. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG, linaloitwa Practical Action siku hizi, lilifanya kazi na akina mama wa Kimaasai huko. Walijaribu kuongeza madirisha, kuacha nafasi chini ya paa, na kuweka kofia ya mabati juu ya moto yenye bomba la kutokea nje. Kofia ndiyo ilipunguza moshi zaidi. Fundi wa jua kali anaweza kuikunja, lakini asimamiwe, bomba lipite juu ya paa na sio kuishia dirishani kwa jirani.

NA MWENYE PLOTI JE?

Tunajua swali linalokuja. "Nyumba sio yangu, nitapigaje msumari?" Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 tayari zilitaka chumba cha kuishi kiwe na matundu ya hewa ya kudumu, kwa hivyo venti sio hisani ya mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inahesabu nyumba yenye msongamano au isiyo na hewa ya kutosha kuwa kero, na afisa wa afya wa kaunti anaweza kumwagiza mwenyewe arekebishe. Lakini tunasema kweli, mpangaji akienda peke yake anaweza kupewa notisi. Tumeona ikitokea. Ni afadhali wapangaji waende pamoja, waongee na mwenye ploti kwa heshima, na waje na hesabu mkononi: sisi tutatoa magunia na kazi ya mikono, wewe toa fito, misumari na simiti. Kuna wenye ploti waliokubali hivyo, kwa sababu dari inabaki kuwa mali yao mpangaji akihama.

Yule mama alifanya hivyo. Yeye na majirani wanne walikubaliana na mzee mwenye ploti, na kazi ilichukua Jumamosi tatu. Tulipomtembelea mwaka uliofuata, tena Julai, gazeti lilikuwa limetolewa kwa venti na kibao kimewekwa. Mtoto alikuwa anatambaa sakafuni bila soksi. Tulimwuliza kama baridi bado inaingia. Alisema inaingia kidogo saa za alfajiri, lakini amejaribu kuinua ule ubao vidole viwili na sasa inapita juu ya kitanda. Jiko lilikuwa nje ya mlango, chini ya kibaraza, limefunikwa sufuria.